Mwacheni Anunue kwa Kupima

Bei zikipanda, washauri huongezeka. Redioni asubuhi, kwenye televisheni saa za taarifa, kwenye semina za benki, hata katika vikundi vya akina mama vinavyotembelewa na mgeni mwenye kompyuta ya mapajani, somo ni lile lile: andika bajeti, nunua kwa jumla, pika nyumbani, acha kununua kidogokidogo. Kisha hufuata hesabu inayotolewa kwa madaha. Mafuta ya kupima ya shilingi 30 leo, ya 30 kesho, ya 30 keshokutwa. Yajumlishe uone kama hungepata mtungi mzima na chenji juu. Wasikilizaji wanaguna kwa kukubali. Anayehukumiwa hapo ni mama wa Kisauni, Mombasa, au wa mtaa wa Bangladeshi kule Jomvu, na hukumu yenyewe ni kwamba amekuwa maskini kwa kuwa hajui kununua.

Anajua. Na mimi nitasema zaidi ya hapo: kwa pesa anayoipata, kwa wakati anaoipata na kwa chumba anacholala, mama huyu ananunua kwa akili kuliko anayemfundisha. Kinachomuumiza kiko kwingine, na somo la bajeti linatusaidia sana tusikitazame.

Nenda kasimame mbele ya duka lolote la mtaani Mombasa saa ya magharibi. Vibarua wa maghala ya Shimanzi wamelipwa, wameshuka kwenye matatu, pesa ya siku imefika nyumbani. Mtoto anatumwa: unga nusu, sukari robo, mafuta ya thelathini, nyanya za ishirini, kitunguu kimoja. Chupa aliyobeba ilikuwa ya dawa ya kikohozi. Mwenye duka anachomeka faneli, anachota kwa kikombe cha bati kutoka kwenye mtungi wa lita 20, anamimina mpaka pale anapopajua yeye.

"Ami, mama amesema ujaze."

"Mwambie mama ya thelathini siku hizi inaishia hapa," anajibu, ameweka ukucha katikati ya chupa.

Usiku huo watakula sima na mchicha uliokaangwa vizuri. Kesho asubuhi hakutakuwa na kitu cha kuliwa na panya wala cha kuombwa na jirani.

Sasa tuilete hesabu ya mshauri, kwa bei za mfano, nami nitampa nafasi ya mbele. Tuseme mafuta ya kupima yanamtoka mama shilingi 300 kwa lita, na mtungi wa lita 5 ni 1,350, yaani 270 kwa lita. Akinunua mtungi ameokoa 150. Nyumba yake inatumia nusu lita kwa wiki, kwa hiyo mtungi utamaliza wiki 10 na akiba yake itakuwa shilingi 15 kwa wiki. Andazi moja na nusu.

Ili apate andazi moja na nusu hilo, anatakiwa aifungie 1,350 jikoni miezi miwili na ushei. Aitoe wapi? Ikiwa anauza mboga, hiyo ndiyo mtaji wake: ndiyo anayodamka nayo kwenda soko la Kongowea kuchukua nyanya na mchicha, ikazaa kidogo, ikarudi jioni, ikaenda tena kesho yake. Akiigeuza kuwa mafuta, meza yake kesho iko tupu. Ikiwa hana biashara, atakopa kwenye simu. M-Shwari, iliyoanza mwaka 2012, ilikuja na ada ya asilimia 7.5 kwa mkopo wa siku 30. Asilimia 7.5 ya 1,350 ni shilingi 101. Katika ile 150 aliyookoa zinabaki 49, ambazo ukizigawa kwa wiki 10 hazifiki shilingi 5 kwa wiki, na hapo tumechukulia kwamba amelipa deni lote siku ya thelathini bila kuchelewa. Mtu anayekataa biashara ya aina hii haambiwi kuwa hana elimu ya fedha.

Mshauri ana jibu: bei inapanda, bora ushike mafuta kuliko kushika shilingi. Jibu hili husemwa kwa uhakika mkubwa na watu ambao hawajaligawanya kwa 12. Oktoba 2022 mfumuko wa bei nchini Kenya ulifika asilimia 9.6, kiwango ambacho hakikuwa kimeonekana tangu 2017. Hiyo ni kupanda kwa mwaka mzima. Kwa mwezi ni chini ya asilimia 1. Mtungi wa 1,350 ungepanda kama shilingi 11. Vyakula vilipanda kwa kasi kuliko wastani, najua. Basi fanya mara mbili, ziwe 22. Bado hujaikaribia ile 101 ya mkopo. Tena chakula hakipandi tu. Mahindi ya Trans Nzoia na Uasin Gishu yakivunwa mwisho wa mwaka bei hulegea, na nyanya hupanda na kushuka katika msimu mmoja kiasi cha kumchanganya hata anayeziuza. Anayejaza nyumba bidhaa kwa hofu wakati bei iko kileleni amejifungia bei hiyo mwenyewe.

Na ataijaza nyumba gani? Mafunzo haya yameandikwa na watu wenye stoo. Chumba cha kupanga cha futi 10 kwa 10 kina kitanda, jiko, ndoo za maji, nguo na watoto. Pwani hewa ni ya unyevu, unga unaota kuvu, mahindi yanaingia fukusi, na panya hahitaji kufundishwa kununua kwa jumla. Wanaokariri kwamba akiba haiozi hawajapata kuweka gunia la mahindi Mombasa mwezi wa Mei. Mwaka 2004, kule Ukambani, watu 317 waliugua na 125 wakafa kwa kula mahindi yenye sumukuvu, mengi yakiwa yamewekwa majumbani yakiwa na unyevu. Simtishi mtu, nasema kuhifadhi chakula ni kazi yenye gharama, na anayenunua kwa kupima anamlipa mwenye duka amfanyie kazi hiyo. Gunia likiharibika, hasara ni ya Ami.

Kuna pia jambo ambalo halisemwi kwenye semina kwa kuwa lina aibu kidogo. Kitu kingi huliwa kingi. Mkono unaomimina kutoka mtungi wa lita 5 si mkono unaomimina kutoka chupa ya dawa ya kikohozi. Na jirani akijua una mtungi, utamnyima kijiko kwa uso gani? Kesho yeye ndiye atakayekuangalizia mtoto. Kipimo kidogo kinamlinda mwenye nacho dhidi ya njaa ya wengine bila kumfanya mchoyo, na sijui bajeti ya karatasi inayoweza kufanya hivyo.

Hapa nina ugomvi mdogo na mshauri mwenyewe. Umeme wa nyumbani kwake anaununua kwa tokeni, ya 500 leo, ya 300 Alhamisi. Bando lake la intaneti ni la siku. Akiingia kituo cha mafuta, tangi lake likiwa na nafasi ya lita 40, anashusha kioo na kusema, "Weka ya elfu." Hayo ni nini kama si mafuta ya kupima? Hatujasikia semina ya kumfundisha ajaze tangi. Yeye tunasema anapangilia fedha zake. Mtoto mwenye chupa ya dawa anafanya kitu kile kile, na mama yake anaambiwa hana mpango.

Duka lile linauza kitu kingine tena, na hakikai kwenye rafu. Siku kibarua kikikosekana, mtoto hutumwa vilevile, mikono mitupu. "Ami, mama amesema uandike." Daftari linachomolewa chini ya mizani, kurasa zake zimelainika kwa mafuta, linaandikwa jina la mtoto mkubwa kama ilivyo desturi, mama fulani, baba fulani, na mbele yake tarakimu. Ukutani pamebandikwa karatasi iliyoandikwa "kukopa harusi, kulipa matanga", na chini ya karatasi hiyo watu wanakopa kila siku ya Mungu.

Daftari hilo halitozi riba. Halitumi ujumbe saa tisa za usiku. Lina masharti yake, na la kwanza ni kwamba uwe mteja. Nenda ukanunue vya mwezi mzima kwenye supamaketi ya Nyali, kisha tarehe 20 mfuko ukikauka uje kwa Ami na maneno matamu. Atakuambia daftari limejaa, na atakuwa na haki. Ile tofauti ya shilingi 30 kwa lita, ambayo mshauri anaiita hasara, ndiyo ada ya kuwemo katika daftari. Ni bima ya njaa, inalipwa senti kwa senti na watu ambao hakuna kampuni ya bima inayowataka. Mtu anaweza kubisha kwamba ada ni kubwa mno. Hayo ni mazungumzo ya maana, tuyazungumze. Kumwambia mama aache kulipa, bila kumwambia nani atamkopesha unga tarehe 20, huko ni kumdhihaki.

Sisemi mwenye duka ni walii. Wapo wanaoandika 80 pale palipochukuliwa cha 70, na wapo wanaojua nani hajui kusoma. Nitamrudia.

Ushauri unaonichosha kuliko wote ni ule wa kupika nyumbani. Unasemwa kama kwamba haupingiki: chakula cha kibandani ni ghali, cha kwako ni rahisi. Cha nani, na kwa moto upi? Chukua mbaazi. Mbaazi kavu, hata zikilowekwa usiku kucha, zinataka moto wa muda mrefu kabla hujafika kwenye tui la nazi. Moto huo ni kopo la makaa, na kopo la makaa linabishana bei na mbaazi zenyewe. Sasa mtazame mama anayeuza mbaazi na mahamri pembeni mwa barabara. Amewasha jiko moja alfajiri, sufuria moja kubwa, na moto ule ule unawalisha watu 50. Nazi alizikuna kwa mkupuo. Makaa yake, ukiyagawanya kwa sahani, ni kitu kidogo sana. Mnunuzi wa sahani moja amenunua sehemu ya moto ambao peke yake asingeweza kuuwasha kwa bei hiyo. Kwa kijana anayeishi peke yake Changamwe, au kwa mume na mke wanaotoka saa kumi na moja alfajiri, kupika mbaazi nyumbani ni anasa ya siku za mapumziko. Ndiyo maana maharagwe na githeri vilivyochemshwa tayari vinauzwa kwa kupima katika miji mingi ya Kenya: mtu anachukua kikombe, anaenda kuunga kitunguu na nyanya dakika kumi, chakula tayari. Hao wamepiga hesabu ambayo mshauri hakuimaliza. Aliandika bei ya maharagwe akasahau kuandika ya moto.

Na moto huo umepandishwa bei na nani? Mwaka 2018 serikali ya Kenya iliweka tozo ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa, kwa sababu kwamba wafanyabiashara walikuwa wakiyachanganya na dizeli. Walaghai wa dizeli wakadhibitiwa kwa kumtoza mwenye jiko la utambi. Julai 2021 gesi ya kupikia ikawekewa VAT ya asilimia 16. 2022 ikapunguzwa hadi 8, na 2023 ikaondolewa. Nipe semina yoyote ya bajeti iliyowahi kumwokolea mama kiasi alichookolewa na kufutwa kwa kodi moja. Wala hakuhitaji kubadili tabia.

Nikisikia hoja kwamba mfumuko wa bei unashindwa kwa nidhamu ya jikoni, huwa nauliza: nidhamu ingefanya nini mwaka 2022? Februari mwaka huo Urusi iliivamia Ukraini, na mafuta ya alizeti ya eneo hilo yakakwama. Tarehe 28 Aprili Indonesia, inayozalisha mawese kuliko nchi yoyote duniani, ikafunga kuyauza nje mpaka 23 Mei. Mafuta mengi ya kupikia ya Kenya ni mawese ya kuagizwa yanayosafishwa hapa hapa nchini. Pembe ya Afrika ilikuwa katika ukame wa misimu ya mvua mitano mfululizo. Shilingi, iliyokuwa kama 113 kwa dola mwanzoni mwa 2022, ilifika kama 160 Januari 2024. Haya yote yaliingia dukani kwa Ami na kusogeza ukucha wake chini kwenye chupa. Hakuna daftari la bajeti linalofika Jakarta.

Hata ile tarakimu ya asilimia 9.6 haikuwa ya mama wa Kisauni. Katika kapu ambalo shirika la takwimu la Kenya, KNBS, limekuwa likilitumia tangu 2020, vyakula na vinywaji visivyo vileo vina uzito wa karibu asilimia 33. Hiyo ni nyumba ya wastani, na wastani hana anwani. Mtakwimu Mjerumani Ernst Engel alieleza mwaka 1857 kwamba kadiri nyumba inavyokuwa maskini, ndivyo sehemu ya kipato inayokwenda kwenye chakula inavyokuwa kubwa, na hajapatikana wa kumpindua. Anayetumia nusu na zaidi ya pesa yake kwenye chakula aliishi katika mfumuko mwingine, mkali kuliko uliotangazwa. Na Oktoba 2024 ulipotangazwa umeshuka hadi asilimia 2.7, wapo waliompigia simu mama yao kumpongeza. Kasi ndiyo iliyoshuka. Bei zilibaki kule juu zilikopanda, na hamri lililopungua ukubwa halikurudi kuvimba.

Tulipata nafasi moja ya kuona nani hasa anafikiriwa bei ya chakula inapotajwa. Julai 2022, wiki chache kabla ya uchaguzi wa Agosti 9, serikali ya Uhuru Kenyatta ilitangaza ruzuku: pakiti ya kilo 2 ya unga wa sima ishuke kutoka shilingi 205 hadi 100. Ruzuku ilipitia kwa wenye viwanda, kwa unga wa pakiti. Anayenunua mahindi kwa kopo la gorogoro na kuyapeleka kisiagi hakuwemo. Na pakiti zenyewe zikaadimika madukani, maana bei ikishakuwa nusu, mwenye gari na pesa mkononi ndiye anayefika kwanza. Hapo ndipo tulipowaona wanafunzi hodari wa kununua kwa jumla. Rais William Ruto alipoapishwa Septemba 13 alisema ruzuku hiyo ilimeza shilingi bilioni 7 kwa mwezi mmoja bila matokeo. Sikubaliani naye katika mengi ya bei, ila hapo simbishii. Ruzuku iliwekwa kwenye kifungashio, na anayenunua kwa kupima hanunui vifungashio.

Sasa nikubali kilicho kweli katika hoja ninayoipinga. Maskini hulipa zaidi kwa kitu kile kile. Hili si geni. Mwanasosholojia wa Marekani David Caplovitz aliliandikia kitabu mwaka 1963, kuhusu familia za mapato ya chini jijini New York zilizonunua makochi na televisheni kwa mkopo wa bei mbaya. Lakini angalia alikwenda wapi na lawama. Hakuandika kwamba familia hizo zingeandika bajeti mambo yangenyooka. Alitazama masoko yaliyowazunguka na mikopo waliyowekewa.

Wala kidogo chote si kimoja. Ipo tofauti kubwa kati ya kupima na kifuko. Kifuko cha kiwandani cha sabuni, cha majani ya chai, cha siagi, kimebeba gharama ya plastiki, rangi, chapa na tangazo la redio, vyote vikagawanywa juu ya gramu chache. C. K. Prahalad, profesa aliyetoa kitabu chake mwaka 2004 kuyaambia makampuni makubwa kwamba chini ya piramidi kuna soko, alisifu vifuko hivyo kama ukombozi wa mnunuzi maskini. Katika hilo sina ugomvi na washauri, kifuko ni ghali. Kupima ni kitu kingine: ni mtungi wa lita 20 uliofunguliwa mbele yako, ukalipia ulichochukua. Ukiona mashine za maziwa zilizoenea mitaani Kenya, zile ambazo watu wameziita ATM, unatia shilingi ulizonazo na chupa yako mwenyewe na kupata maziwa kwa bei ya chini kuliko ya pakiti, utaelewa kwamba udogo wa kipimo hauna lazima ya kuwa ghali. Mashine kama hizo zipo pia za mafuta ya kupikia. Hata gesi siku hizi kuna mitungi yenye mita, unalipia kwa simu moto wa chai ya leo. Waliobuni hivi hawakumhubiria mama abadilike. Walimkuta anavyonunua, wakapunguza gharama ya kumuuzia hivyo.

Nitaambiwa: vipi kuhusu akina mama wanaochanga, wakaenda Kongowea na kugawana gunia? Ninawajua, na ninawavulia kofia. Wanawake sita, tuktuk moja, gunia moja la viazi, limefunguliwa barazani na kugawanywa kwa kipimo cha sado kabla jua halijawa kali. Bei inashuka kweli. Lakini tazama kilichotokea: kila mmoja ameingia ndani na viazi vya siku tatu. Wamenunua kwa kupima, tofauti ni kwamba wao ndio walioshika kipimo. Na kilichofanikisha ni kuaminiana kwa miaka, pamoja na yule mmoja asiyechoka kukumbusha wenzake kutoa mchango. Hilo huwezi kumwagiza mtu peke yake afanye kwa kuacha soda.

Kwa hiyo kama kuna pesa ya mama inayopotea, na ipo, tuitafute inakopotelea. Inapotelea kwenye kipimo, na hapa namrudia mwenye duka kama nilivyoahidi. Gorogoro, kopo la kupimia mahindi na maharagwe, linatakiwa lichukue kilo 2 hivi. Ligeuze utazame kitako chake. Wapo wanaokigonga kwa nyundo kikaingia ndani, na wapo wanaolibonyeza ubavuni, kila pigo likiwa ni kiganja cha mahindi. Ipo mizani inayoanza na gramu 50 kabla hujaweka kitu. Tanzania wamehangaika miaka mingi na lumbesa, gunia linaloongezewa kilemba juu ya kipimo chake, wakulima wakiuza kilo 130 kwa bei ya 100, na angalau kule neno lenyewe limekuwa la kisiasa, waziri akiulizwa bungeni analazimika kujibu. Gorogoro lililobonyea halijawahi kuangusha mtu.

Kenya ina Sheria ya Mizani na Vipimo. Mizani ya biashara inatakiwa ikaguliwe na kugongwa muhuri kila mwaka, na kaunti zina maafisa wa kazi hiyo. Zungukeni Kongowea mkahesabu mihuri. Mwenye kuandaa semina, badala ya kukodi ukumbi na kugawa kalamu, anunue makopo mia yaliyopimwa, moja awekewe kila msimamizi wa soko, mnunuzi akiwa na shaka aende akapimiwe upya bila malipo. Makopo mia hayafikii gharama ya chakula cha mchana cha semina moja ya hotelini. Likipatikana kopo lililobonyezwa, mwenye kazi ya kulichukua analipwa mshahara na kaunti, na mshahara huo unatokana na ushuru ambao muuza mboga anatozwa kila asubuhi sokoni kabla hajauza hata fungu moja.